Ushuhuda usisubiri mpaka tupone

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, nina ombi kuhusu shuhuda za kanisani. Najua barua ndefu hukatwa. Ikibidi kukata, kata pale ninapojieleza, lakini Trofimo, yule mgonjwa wa kwenye Biblia, umwache.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi, na kazi yangu kubwa ni sare za kwaya. Ukikuta akina mama wamejipanga mbele ya kanisa na gauni za zambarau zenye kola nyeupe na utepe wa dhahabu mabegani, huenda zimepita mikononi mwangu. Kama utepe umepinda, hizo si zangu. Kuelekea Pasaka na kuelekea Krismasi silali. Miezi mingine napunguza suruali za mitumba zinazotoka soko la Memorial na kubadilisha zipu. Kwa kazi hii nimeingia makanisa mengi kuliko mwinjilisti: ya Kilutheri nilikobatizwa, ya Kikatoliki, ya Kianglikana, ya Kipentekoste, na hata moja la hema lililokaa wiki mbili likaondoka na sare zangu bila kumalizia deni.

Kilichonisukuma kuandika kilitokea Jumapili moja ya Kwaresima. Ulifika muda wa shuhuda. Akapita baba mmoja aliyepata kazi baada ya kukaa nyumbani miaka miwili, tukapiga makofi. Akapita binti aliyefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo akapona, tukapiga makofi. Nikasimama na mimi. Sijui ujasiri niliutoa wapi, maana siku zote nakaa nyuma karibu na mlango ili niwahi nyumbani. Nikasema: "Bwana Yesu asifiwe. Mwanangu hajasimama. Jana kidonda kimefunguka tena. Ada ya mdogo wake sijamaliza. Lakini tumeamka, mimi na yeye, na bado namwamini Mungu." Nilitaka kuendelea. Kiongozi wa ibada akakichukua kipaza sauti kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi, akasema, "Tunapokea uponyaji wake kwa jina la Yesu, imeisha hiyo!" Mpiga kinanda akadaka, kwaya ikaanza. Walikuwa wamevaa nguo nilizoshona mimi.

Haikuwa imeisha. Niliporudi nyumbani nilikuta shuka la kufua.

Mwanangu alianguka na bodaboda Agosti 2019, njia ya Uru, amempakia abiria mwenye mkungu wa ndizi. Abiria aliteguka mkono. Mkungu ulifika salama, tukaletewa nusu yake hospitali. Mwanangu alivunjika uti wa mgongo chini kidogo ya mbavu. Alikuwa na miaka 23. Mikono yake ni mizima na kichwa chake ni kizima, mno hata, lakini kuanzia kiunoni kushuka chini hasikii kitu hata ukimchoma sindano, na kwangu sindano hazikosekani. Baba yao alishatangulia miaka mingi nyuma.

Ambaye hajamuuguza mtu wa namna hii hudhani adui ni mgongo. Adui ni godoro. Mwenye ganzi hajui kama amelalia mkunjo wa shuka. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama isiyopitiwa na damu inakufa. Kwanza ngozi inabadilika rangi, ukiigusa ina joto. Ukizembea, baada ya siku chache pana shimo. Sehemu zake ni zile zile: juu ya matako, nyonga, visigino. Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, alinifundisha kabla hatujaruhusiwa: ageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia. Kwa hiyo usiku wangu una vituo vinne: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Nimetegesha simu. Katikati ya vituo nashona, na umeme ukikatika sijali, cherehani yangu ni ya kukanyaga.

Nayasema haya kwa sababu tukisikia mtu anahubiri juu ya kuchagua tumaini wakati wa dhiki, tunadhani ni hali fulani inayomshukia mtu, moyo unakuwa mwepesi, machozi ya furaha yanatoka. Inawezekana kwa wengine. Mimi saa nane usiku sina moyo mwepesi. Nina usingizi na kiuno kinaniuma. Navuta shuka la chini, nahesabu moja, mbili, tatu, yeye anajishika ukingoni mwa kitanda, anageuka. Nampapasa mifupa mmoja mmoja, naweka mto kati ya magoti. Kisha nasema sala yangu yenye maneno manne: "Baba, na hii pia." Nashusha chandarua, narudi kwenye cherehani. Hilo ndilo tumaini langu, na nimelichagua tena na tena, mara nne kwa usiku.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema Kichagga tu, na katika Kichagga chake jina la Mungu na jina la jua lilikuwa moja, Ruwa. Zamani niliona ni mambo ya kale. Siku hizi, jua likichomoza nikakuta ngozi ya mwanangu haijabadilika rangi popote, naelewa kwa nini wazee hawakusumbuka kutafuta majina mawili. Yule aliyeandika katika Maombolezo kwamba rehema za Bwana ni mpya kila asubuhi hakuwa kwenye semina. Yerusalemu ilikuwa imeteketea na watoto walikuwa wanaomba mkate hakuna wa kuwamegea. (Wahubiri wetu wa Moshi hupenda zaidi ule mfano wa Kibo, kwamba mawingu yakiufunika mlima haumaanishi mlima umeondoka. Ni kweli tupu. Ila nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba ukianza tu, mimi nahesabu vifungo vya mashemasi.)

Sasa nifike pagumu. Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa hapa hapa Majengo, uwanjani, watu walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Ilikuwa miezi sita tu tangu mwanangu aanguke. Majirani walikuwa wameniambia nimpeleke, na kama nashindwa kumbeba basi niende mimi na kanga yake niichovye. Sikwenda. Nisijisifu: sikwenda kwa sababu kwaya fulani ilitaka sare zake kesho yake asubuhi na nilikuwa sijapiga pindo. Jirani yangu mmoja alirudi na kiatu kimoja, akakaa kizingitini kwangu hadi usiku wa manane bila kusema neno. Siku zilizofuata nikawasikia watu wenye afya wakiwacheka marehemu, eti wajinga. Mhariri, hawakuwa wajinga. Walikuwa mimi, ila siku ile wao hawakuwa na oda.

Na ili msidhani nilipata akili, mwaka huo huo nilidanganywa. Alikuja mhubiri, jina lake silitaji na alikotoka sisemi, akafundisha kwamba tatizo halitoki mpaka upande mbegu, yaani utoe sadaka, inayokuuma. Iliyokuwa inaniuma ilikuwa mashine yangu ya ovaloki, ile ya kuzuia nyuzi za pindo. Nikaiuza, nikapanda. Akaniambia pia nisikiri ugonjwa. Nisiseme mwanangu amepooza, niseme anatembea, na nisiruhusu mtu yeyote nyumbani kutamka maumivu, kwa kuwa ulimi huumba.

Ovaloki inaniuma hadi leo kila ninapozuia nyuzi kwa mkono. Lakini si hilo. Kwa miezi mitatu nyumba yangu ilikuwa nyumba ya watu wazima wanaoigiza. Nilikuwa nikiingia chumbani nauliza, "Unaendeleaje?" naye anajibu, "Natembea, mama." Nikampunguzia kugeuzwa, maana anayetembea hageuzwi. Nikamvalisha soksi. Chini ya soksi ya kushoto kisigino kilikuwa kinaoza. Yeye hakuwa na maumivu ya kumwambia, ila pua anayo. Aliisikia harufu siku tatu kabla yangu akanyamaza. Baadaye wodini nikamuuliza kwa nini hakuniita. Akasema, "Nilikuwa naogopa kukuharibia imani."

Wiki sita tulikaa wodini kwa ajili ya kisigino kile. Nilipomtafuta yule mhubiri nilijibiwa na msaidizi wake kwamba imani yangu ilikuwa na mlango wazi mahali fulani.

Ni katika wiki hizo sita Trofimo alipotufikia. Mwanangu si msomaji wa Biblia. Anasema anamheshimu Mungu lakini hawajaelewana bado juu ya ile pikipiki. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa na Biblia, akaanza kusoma kwa kukosa kazi. Siku ya tatu akaniita kwa sauti hadi muuguzi akageuka. "Mama, hebu ona hapa. Huyu jamaa vipi?" Ilikuwa Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 20. Paulo anamaliza barua, anataja huyu yuko wapi na yule yuko wapi, halafu anasema Trofimo amemwacha Mileto, ni mgonjwa. Basi. Anaendelea na mambo mengine, anamwambia Timotheo ajitahidi kuja kabla ya baridi.

Nikasema, "Sasa hapo kuna nini?" Akanirudisha Matendo ya Mitume sura ya 19, ambako leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Mji gani? Efeso. Akanipeleka sura ya 21. Trofimo ni mtu wa wapi? Wa Efeso. "Yaani mama, vitambaa vya Paulo vinaponya watu mji mzima kwa akina Trofimo, halafu Trofimo mwenyewe, rafiki yake wa safari, anaachwa kitandani. Na Paulo hasemi alikuwa na mlango wazi. Hasemi hakupanda mbegu. Anasema tu ni mgonjwa."

Mimi nimeshika vitambaa maisha yangu yote na sijawahi kuona habari hiyo ilivyoshonwa pamoja. Nilikaa kwenye lile benchi la wodini nikalia, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nililia mbele yake. Yesu alimlilia Lazaro huku akijua atamfufua, kwa hiyo sioni kwa nini mimi nisiyejua kitu nizuiwe.

Tangu hapo kitanda chake tunakiita Mileto. Mchungaji wetu, ambaye ni mtu muungwana, akipiga simu huuliza, "Mama, habari za Mileto?" nami namjibu ukweli wa siku hiyo: Mileto leo joto limepanda, Mileto leo wamekula ugali na dagaa wakaomba kuongezwa. Sina tena lugha mbili, moja ya kanisani na moja ya chumbani.

Isije ikaonekana nawalaumu tu Wakristo wenzangu. Wanawake watano wa jumuiya yetu waliwahi kuja kuniombea, wakamaliza, mmoja akauliza, "Huyu unamgeuzaje?" Nikawaonyesha. Wakajifunza kuvuta shuka la chini kwa pamoja bila kumkwaruza ngozi. Kuanzia wiki ile Alhamisi usiku si yangu, wanapokezana. Mmoja wao anauza ndizi Mbuyuni na inabidi awe sokoni alfajiri, hata hivyo zamu yake haruki. Jirani yangu wa ukuta wa kulia ni Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani anaamka kula daku, na amenipiga marufuku kuamka saa kumi. Geuzo hilo ni lake mwezi mzima. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizofanya vizuri. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Turudi kwenye ile Jumapili. Ibada ilipoisha nilitoka nje kwenye mnada. Kwa wasiojua desturi zetu, mazao yaliyotolewa sadaka hunadiwa uwanjani baada ya ibada, na siku hiyo palikuwa na parachichi, mayai na jogoo mmoja mkorofi aliyepandishwa bei na wazee wawili kwa ubishi tu. Nilikuwa nataka mayai. Akaja mwalimu mmoja, mama kijana, akasimama karibu nami kama anayeangalia jogoo, akaniambia bila kunitazama kwamba ameharibikiwa mimba nne na kila Jumapili anaombwa atoe ushuhuda wa imani. Hajui aseme nini, maana mtoto hana. Mzee mmoja akaniambia mke wake hamtambui tena, anamwita kaka, na amechoka kuambiwa ajibu "ni salama" kila anaposalimiwa. Wa tatu alikuwa kijana. Huyo hakusema lake. Alinishika mkono tu, akanishukuru, akaondoka kabla mayai hayajanadiwa.

Watatu, kanisa moja, siku moja, kwa sentensi tano zilizokatizwa. Nimejiuliza wangekuwa wangapi kama ningemaliza.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachungaji, mapadri, wazee wa kanisa na viongozi wa ibada wa mji huu ni dogo. Mnapoita shuhuda, waiteni na walio katikati ya shida. Wapeni dakika mbili. Asiwamalizie mtu sentensi. Kwaya isianze mpaka wakae. Na orodha ya wagonjwa wa kuombewa msiipunguze kwa kuwatoa waliougua muda mrefu. Jina la mwanangu liliwahi kuondolewa kwenye orodha moja baada ya mwaka, na nilipouliza niliambiwa kwa nia njema kabisa kwamba tuwape nafasi wapya.

Najua jibu litakalokuja, nimeshalisikia: tutawavunja moyo waumini wachanga, na tutampa shetani utukufu. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Hakuna aliyeikata. Imo katika Biblia zetu zote, Walutheri kwa Wakatoliki, na bado mwenye zaburi anamwita Bwana Mungu wa wokovu wake katika mstari wa kwanza kabisa. Mtu anayelia kwa Mungu bado yuko na Mungu. Wanaoondoka ni wale walionyamazishwa, na hao hawaagi. Mwanangu aliacha kusali na mimi katika ile miezi mitatu tuliyokuwa tunaigiza, si usiku alioanguka.

Wala sijaacha kuomba uponyaji. Naamini mwanangu atasimama. Ikiwa ni mwakani, kwaya itakayoimba siku hiyo nitaishonea bure, kola, utepe na vyote. Ikiwa ni siku ya ufufuo, basi ni siku hiyo, na Trofimo atakuwepo, nina maswali ya kumuuliza. Katikati ya hapo na hapa kuna saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi, na ningependa niruhusiwe kuzisema kanisani kwa sauti ile ile ninayosemea asante.

Mama Fundi,
Majengo, Moshi

Nimesahau: mwanangu ameisoma barua hii, amekataa sehemu mbili nami nimeziacha zilivyo. Ameagiza iandikwe kwamba tangu mwaka juzi vifungo vyote vya sare zinazotoka kwangu anashona yeye, kwa mkono, na kwamba hadi sasa hakuna kwaya iliyorudisha hata kimoja.